Breki ya Kushoto

Kilichoanza ni kisigino. Cha kulia. Kila asubuhi nikishuka kitandani kilinichoma kana kwamba nimekanyaga msumari, na baada ya hapo bado kilikuwa na kazi ya kunitoa nyumbani Kambi Muru, Kibera, kunipitisha Ngong Road, kisha kunishusha barabara ya Naivasha hadi Kawangware. Huko ndiko ninakokata sare za shule, mwaka wa kumi na moja sasa, katika karakana ya mama mmoja mwenye sauti kubwa kuliko cherehani zake zote zikiunguruma pamoja. Ni mwendo wa saa moja na robo kwa mtu anayeringa, saa moja kwa mtu aliyechelewa. Nilikuwa na miaka arobaini na saba na kilo ambazo sitazitaja. Binti zangu wawili walikuwa wamekwisha kwenda kujitegemea, kwa hiyo wa kunionea huruma nyumbani alikuwa mume wangu peke yake, naye ni fundi wa rangi, mtu ambaye akiona ufa anaupaka juu na kuendelea.

Nilikwenda kliniki. Daktari, kijana aliyeonekana kama bado ananyolewa na mamake, alikibonyeza kisigino mpaka nikamtaja Mungu kwa namna isiyo ya ibada.

"Mathe, punguza kutembea," akasema.

"Na kazini nitafika na nini?"

"Si upumzike kama wiki mbili hivi."

Nilimpelekea bosi habari hizo. Aliniangalia miguu, akaniangalia mikono, akauliza, "Kwani wewe hukata kitambaa na kisigino?" Wiki mbili zangu za mapumziko zilianza na kuisha hapo hapo mlangoni.

Sasa, hatua chache kutoka karakanani kuna jamaa wa kutoka upande wa ziwa anayeuza baiskeli za mitumba kando ya barabara. Mtu mwenye maneno mengi na shati safi. Jioni hiyo nilisimama kwake si kwa sababu nilitaka baiskeli bali kwa sababu kisigino kilikataa kuendelea. Nilijishikiza kwenye kitu cha kwanza nilichopata, na kitu hicho kikawa ni baiskeli nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, ya kijani kilichobabuka, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Tairi zake zilikuwa na unene wa kidole changu cha gumba. Haikuwa na kengele, wala kitu cha kukingia matope, wala mahali pa kufunga hata mfuko wa sukuma wiki.

"Hiyo ni ya resi," akaniambia. "Huko Ulaya wanaume hunyoa miguu ndio waipande."

"Mimi sinyoi kitu."

"Si lazima, madam."

Nikamuuliza ni kwa nini imekaa pale hadi ikaota kutu. Akahema. "Watu wa hapa wanataka baiskeli ya kubeba maji, kubeba makaa, kubeba bibi. Hii haibebi kitu. Hii inakubeba wewe peke yako."

Sijui kama alijua anachosema. Tangu niolewe nimebeba mimba, ndoo, binti wa watu waliokuja kutafuta kazi, jeneza la baba mkwe upande wa mbele. Sijawahi kumiliki kitu ambacho kazi yake ni kunibeba mimi. Yeye alikuwa amekwisha kukata tamaa nayo, kwa hiyo hatukusumbuana juu ya bei.

Kuendesha nilikuwa nikijua, au tuseme niliwahi kujua. Kwetu magharibi baba alikuwa na baiskeli kubwa nyeusi, nzito kama deni la mahari, na wasichana walikatazwa kuigusa. Jumapili akishalewa busaa na kulala, nilikuwa nikiitoa polepole, napitisha mguu chini ya ile nondo ya katikati kwa sababu juu sikufika, na kuiendesha nikiwa nimepinda kama kaa. Nilichapwa mara mbili kwa ajili yake. Nikaacha nilipoota matiti, si kwa hiari yangu.

Kesho yake saa ya chakula cha mchana nikaijaribu uani nyuma ya karakana. Washonaji wote walitoka na sahani zao kuja kutazama. Nilipanda, nikayumba, nikanyooka, na kwa muda wa kama pumzi tatu nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Kisha nikaona mama wa githeri yuko mbele yangu na sufuria yake ya mahindi na maharagwe. Nikafinya breki, kidogo tu, mkono wa kushoto, kama nilivyofinya ya baba ili kushika tairi la nyuma. Baiskeli ilisimama. Mimi sikusimama. Nilipita juu ya zile pembe na kutua kwa magoti, kiganja kimoja ndani ya githeri.

Mama yule hakupiga hata kelele. "Kama ulikuwa na njaa hivyo," akasema, "si ungesema tu."

Muuzaji alikuja mbio akipangusa mikono. "Pole, pole! Nilisahau kukuambia. Hizi zimetoka nchi za huko ambako breki zimebadilishana. Kushoto ndio ya mbele."

"Ulisahau?"

"Nilifurahi kuiuza, nikasahau."

Magoti yalipona kwa juma moja, na mkono wangu ukajifunza. Tatizo likawa nguo. Sketi ilikuwa inaingia kwenye cheni, na suruali sikuwa nayo hata moja. Lakini mimi ni mkataji. Kulikuwa na mabaki ya kile kitambaa cha kijivu cha kaptura za darasa la nane, kigumu, hakichaniki hata mtoto akiburutwa. Bosi akaniruhusu niyachukue. Nikajikatia suruali mbili nzuri, zenye mifuko, na asubuhi ya kwanza nikatoka nazo Kambi Muru nikifanana na mtoto wa shule aliyesahauliwa darasani. Vijana pale kwenye kona wakanipigia makofi.

"Niaje mathe! Umerudia class mara ngapi?"

"Mpaka babako amalize!" nikawajibu, na nikafurahi kuona kwamba mtu anaweza kutukana akiwa mwendoni na asiwepo wakati jibu linafika.

Nyumbani tuna chumba kimoja. Mume wangu aliitazama baiskeli ikiwa imeegemea kitanda, akauliza, "Na huyu mgeni atalala wapi?" Nje ingeibiwa kabla chai haijachemka. Mwishowe alipigilia misumari miwili mikubwa kwenye boriti, huku akinung'unika, na tukaitundika juu ya kitanda. Usiku wa kwanza ilimdondoshea tone la mafuta katikati ya paji la uso. Alikaa kitandani kama mtu aliyepakwa majivu, akasema, "Hii nyumba sasa ina wanaume wawili." Nilicheka peke yangu.

Lakini hakuwa anatania. Wenzake kwenye kazi za mjengo walikuwa wameanza kumuuliza kama ni kweli bibi yake anapanda baiskeli ya mashindano, na kama yeye hukaa mbele au nyuma.

Mimi nilikuwa mbali na hayo. Nataka kueleza ilivyokuwa, ingawa najua nitashindwa. Kisigino kiliacha kelele ndani ya wiki tatu. Mwendo wa saa nzima ukawa dakika ishirini na tano. Lakini hiyo ni hesabu ya bosi. Kilichonishika mimi ni ule mteremko wa barabara ya Naivasha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, majiko ya mahindi ya kuchoma hayajawashwa, maduka ya Satellite bado yamefumba macho, na mimi nimeinama juu ya zile pembe, upepo unaniingia kwenye mikono ya sweta. Kwa dakika nne hakuna mtu aliyeweza kuniomba kitu. Hata aliyenijua hakuwahi kumaliza kutamka jina langu. Nilikuwa nikifika kazini na machozi usoni, ya upepo, na bosi akidhani nina shida nyumbani.

Shida ilikuwa njiani inakuja. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya Kibera Drive. Ni mwanamke mzito, mwenye kilemba cheupe kisichojua doa, na macho ambayo yakikuona leo, Jumapili kanisa zima limekuona. Jumamosi moja alasiri alibisha hodi na wenzake wawili. Mume wangu aliwakaribisha, kisha akakumbuka ghafla kwamba anahitaji kutafuta msasa, akatoka. Viti vyetu ni viwili, kwa hiyo mwenyekiti akaketi kitandani, chini kabisa ya baiskeli.

"Tumetumwa na upendo," akaanza. Ukisikia hivyo, ficha kuku.

Niliwapa chai. Akaishika bila kunywa. "Dada, tumekuona barabarani. Umeinama. Nyuma ndiyo imetangulia juu."

"Ile ndivyo inavyoendeshwa."

"Basi haikutengenezewa mama aliyeokoka."

"Na mama aliyeokoka akiosha nguo, si huinama? Akipiga deki?"

"Deki haina spidi," akasema.

Mmoja wa wale wawili alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Mwenyekiti akaendelea na habari za suruali, na za mfano kwa wasichana, na za Maandiko. Nikamkumbusha kwamba katika Maandiko hayo hayo wanawake walipanda punda, na punda hana kiti cha upande wa akina mama. Akafungua mdomo kunijibu. Tone la mafuta likaanguka juu ya kilemba. Niliona likitua. Niliona likienea, jeusi, taratibu, na Mungu anisamehe, sikusema kitu. Alifunga kikao kwa maombi marefu na kunijulisha kwamba nimepumzishwa katika kamati ya chai mpaka nitakapotafakari. Akatoka nalo kichwani mpaka kwake.

Jioni hiyo mume wangu aliniambia neno moja. "Uza."

"Siuzi."

"Mimi ndio nakuambia."

"Na mimi ndio nakujibu."

Hatukusemeshana kwa siku tatu. Katika chumba kimoja hiyo ni kazi. Mnapishana kama watu wa benki, pole, pita, na ugali mnaugawa kwa macho.

Siku ya nne ilikuwa Jumatano. Bosi wangu alikuwa amekwenda mazishi kwao, karakana imefungwa, nikawa nyumbani. Mume wangu alikuwa ameitwa kazi ya kupaka rangi nyumba za kupangisha Riruta Satellite, kazi ya miezi, na alikuwa ameamka akiwa amechelewa. Alizunguka chumbani akitafuta soksi, akatazama saa, akatazama dari. Alikohoa.

"Hiyo kitu," akasema, "inafika Satellite kwa dakika ngapi?"

"Kumi na tano. Ishirini ukiringa."

Akaitungua bila kuniangalia. Lazima niseme hapa kwamba ujanani mume wangu alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli kule mpakani, mwanamke na gunia la mchele kwa mara moja, na hilo hajamwacha mtu alisahau. Nilimfuata hadi nje. Nikafungua mdomo.

"Ngoja nikuonyeshe hapa kwa bre..."

"Usinifundishe baiskeli," akasema. "Nilikuwa nikiendesha baiskeli wewe ukikanyaga matope."

Nikafumba mdomo. Hicho ndicho nilichofanya. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kushika kiti. Nilikunja mikono na kusimama mlangoni kumtazama akiondoka, mgongo umenyooka, akijaribu kukaa kwenye baiskeli ya resi kama chifu kwenye kiti.

Aliendesha vizuri, tena vizuri kuliko mimi. Wale vijana wa kona wakamshangilia, naye akawainulia mkono. Kijia chetu kinateremka kidogo kuelekea mtaro, na pale mtaroni kuna jirani anayefuga bata. Bata watano wakaamua kuvuka, mmoja nyuma ya mwingine, bila haraka, kama wazee wa kanisa wakiingia na sadaka. Nikaona kiwiko chake cha kushoto kikijikaza.

Alienda juu kuliko nilivyokwenda mimi. Nakumbuka nyayo za viatu vyake zikitazama mbingu. Alianguka kwa bega, ng'ambo ya bata, na mlio wake ulifika kabla sijaanza kukimbia.

Nilipofika alikuwa amekaa, uso rangi ya saruji, mkono wa kulia umeshikwa na wa kushoto. Mwenye bata alikuwa amefika kabla yangu. "Hawa bata wangu wameshtuka," alikuwa akisema. "Watakataa kutaga." Mume wangu akamwangalia kama mtu anayeangalia televisheni ya jirani. Kisha akaniangalia mimi.

"Imesimama," akaniambia. "Nimefinya kidogo tu, ikasimama."

Uliovunjika ulikuwa mfupa wa juu ya bega. Hospitalini walimfunga mkono kifuani na kumwambia asiuinue kwa wiki sita. Kazi ya Satellite akapewa mtu mwingine. Fundi wa rangi asiye na mkono wa kulia ni mtu wa kukaa tu, na hakuwahi kujifunza kukaa. Kwa hiyo saa ya chakula cha mchana nikawa naruka kwenye baiskeli, naja Kambi Muru, namlisha, namsaidia na yale mambo mengine ambayo mwanamume hapendi kusaidiwa, na narudi. Bosi alinikubalia nifidie jioni. Kwa miguu nisingeweza. Mimi na mume wangu sote tulijua hivyo.

Ilikuwa siku ya tano au ya sita. Nilikuwa nikimkatia tonge, nikalishikilia hewani.

"Kuna kitu sikukuambia," nikasema. "Hizo breki zimegeuzwa. Kushoto ndio ya mbele. Nilitaka kukuambia, ukaniambia nisikufundishe. Nikakuacha."

Alitafuna kitu ambacho hakikuwa kinywani. "Ulisahau?"

"La. Nilikasirika."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, hata kurudishwa kwetu na mtu wa mkono mmoja. Alitazama tonge, akatazama baiskeli pale juu.

"Mimi ndio nilimwambia mwenyekiti aje," akasema.

"Nini?"

"Nilienda pale kwa omena. Nikamwambia, ongeeni na huyu mama, mimi amenishinda."

"Na msasa?"

"Hakukuwa na msasa. Nilikaa kwa kinyozi mpaka wakatoka."

Nililiweka tonge chini. Nikamwangalia huyo mtu niliyelala naye miaka ishirini na sita, aliyekwenda kunishtaki kwenye omena, na ambaye mimi nilimtazama akielekea kwa bata. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Kucheka kulimuumiza bega, akawa analia na kucheka, ananiomba nimnyamazishe, na mimi nilikuwa sijiwezi. Jirani alipiga ukuta wa mabati kuuliza kama tumekosana.

Jumapili baada ya ibada akina mama walikuja kuombea mgonjwa. Mwenyekiti alikuwa na kilemba kipya, na safari hii akachagua kiti cha mlangoni. Waliimba vizuri. Kisha akasimama, akanyoosha mkono juu ya kitanda, si kwa mume wangu bali kwa baiskeli, na kuanza kukemea. Alikikemea chuma kilichoingia katika nyumba hii, akalikemea gurudumu la adui.

"Mama, subiri kidogo," mume wangu akasema.

Mtu hakatizi maombi. Chumba kizima kilifumbua macho.

"Hicho chuma hakijakosa. Mimi ndio nilifinya vibaya."

"Mgonjwa anyamaze, tunapigana vita."

"Pigana na bega," akasema. "Baiskeli achana nayo. Inapeleka bibi yangu kazi na inamrudisha kunilisha."

Mwenyekiti aliufunga mkono polepole, akamalizia na bega kwa sentensi mbili. Chai waliinywa yote. Mpaka leo mimi na yeye tunasalimiana kwa ncha za vidole, na katika kamati ya chai sijawahi kurudishwa. Nasikia chai yenyewe siku hizi ni maji yaliyotishwa na majani.

Bega lilipona likiwa limeinuka kidogo, hata mashati yake nimeanza kuyakata mabega mawili tofauti. Miezi michache baadaye alipata kazi nyingine huko huko Satellite, ghorofa za mtu fulani, na huenda kwa miguu pamoja na mafundi wenzake, kundi la wanaume saba wenye ndoo. Nilimwambia yule jamaa wa mitumba anaweza kumtafutia yake. Akasema yeye na baiskeli walikwisha malizana.

Mimi hutoka nyumbani robo saa baada yake na kumpata karibu na pale barabara inapoanza kuteremka. Wenzake wengine ni wageni, hawajui mimi ni nani. Asubuhi ya kwanza nilipovuma kando yao, mmoja akasema, "Cheki huyo mathe, suruali ya class eight!" Wakacheka wote, na mume wangu akacheka nao, sauti yake ndiyo niliyoisikia juu ya zote. Jioni nilimuuliza kwa nini hakusema mimi ni wake.

"Wangeniuliza maswali," akasema. "Na wewe ulikuwa umeshapita."

Tukaacha iwe hivyo. Sasa nikiwakaribia hupiga mluzi ili watoke njiani. Wale sita wanaruka kando na ndoo zao. Yeye hubaki palepale, hageuki, anainua tu ule mkono wa bega bovu hadi unapoweza kufika, na kuniita kama mtu asiyenijua, "Sasa, mrembo!"

Simjibu. Sina muda.